Kwa Nini UTI Hurudi: Utangulizi wa Elimu ya Homoni na Njia ya Mkojo

Ugonjwa tutakaouzungumzia hapa unajulikana karibu katika kila nyumba ya Mombasa. Mwanamke anakwenda msalani kila mara, mkojo unatoka kidogo na unachoma, na chini ya kitovu panamkaza. Anapita duka la dawa, anapewa vidonge, na baada ya siku mbili tatu anapata nafuu. Hazipiti wiki nyingi, yale yale yanaanza upya. Takriban nusu ya wanawake duniani hupata maambukizi ya njia ya mkojo, UTI kama wengi wetu tunavyoyaita, angalau mara moja maishani, na kama robo yao hurudiwa ndani ya miezi 6. Madaktari huhesabu kuwa ni maambukizi ya kujirudia yanapotokea mara 2 au zaidi katika miezi 6, au mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja.

Nimeuandika utangulizi huu kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wahudumu wa zahanati, wauza dawa, na zaidi ya wote kwa ajili ya wanawake wenyewe. Hoja yangu ni moja. Maambukizi haya yakirudi, haitoshi kuuliza ni bakteria gani aliyeingia. Ni lazima tuulize pia mwanamke huyu yuko katika hatua gani ya maisha na homoni zake zikoje. Wapo wanawake waliobeba aibu kwa miaka, wakidhani wanarudiwa kwa sababu ni wachafu, au wakimshuku mume kwa kila kuungua kwa mkojo. Elimu hii inawatua mzigo huo kwa ushahidi.

Njia anayopita bakteria

Tuanze na maumbile. Mrija unaotoa mkojo nje una urefu wa kama sentimita 4 kwa mwanamke, na kama sentimita 20 kwa mwanamume. Tundu la mrija huo kwa mwanamke liko jirani na uke, na uke uko jirani na njia ya haja kubwa. Bakteria aitwaye E. coli, anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, huishi matumboni mwetu sote bila kutudhuru. Taabu huanza anapohama. Kwa kawaida haendi moja kwa moja kwenye kibofu: kwanza hukita kambi kwenye mlango wa uke na pembezoni mwa tundu la mkojo, kisha ndipo hupanda. Tendo la ndoa humsukuma mbele, na ndiyo maana wanawake vijana wengi huugua siku chache baada yake bila ya kuwa na ugonjwa wowote wa zinaa. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1996 ulithibitisha jambo hilo, ukaonyesha pia kwamba dawa za kuua mbegu za kiume zinazopakwa ukeni huongeza hatari.

Basi kituo cha kati, yaani uke, ndicho kinachoamua mengi, na mambo ya pale huendeshwa na homoni ya estrojeni.

Estrojeni inapokuwa ya kutosha, ngozi laini ya ndani ya uke huwa nene, na seli zake hujaa sukari ya akiba iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikivunjwa huwa chakula cha bakteria wema, laktobasili, ambao huigeuza kuwa asidi laktiki. Ndipo pH ya uke inaposhuka hadi kati ya 3.8 na 4.5, na katika ukali huo E. coli hapati raha ya kukaa. Laktobasili ni kama askari wa lindo wanaolipwa kwa posho, na glaikojeni ndiyo posho yao: homoni ikipungua, posho hukatwa, na lindo hubaki wazi.

Kazi ya estrojeni haikomei ukeni. Mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu pia zina vipokezi vya homoni hii. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba estrojeni husaidia seli za utando wa kibofu kushikana barabara na kutoa protini ndogondogo zinazoua bakteria. Inapokosekana, ukuta huo hulegea na kinga yake ya asili hupungua.

Somo lililoanzia Ganjoni

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kulianza somo hili. Ganjoni, mtaa wa kusini mwa kisiwa, si mbali na kivuko cha Likoni, kuna kliniki iliyokuwa ya manispaa, ambayo jina lake limo katika majarida ya tiba ya dunia nzima. Mnamo Februari 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Seattle walianza kuwafuatilia pale wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Miongoni mwa watafiti hao walikuwamo Joan Kreiss, Jeckoniah Ndinya-Achola, na Kishor Mandaliya wa maabara ya hospitali iliyoitwa wakati huo Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani, ile wenyeji wanayoiita Makadara. Walikuwa wakichunguza HIV na magonjwa ya zinaa, si UTI. Wanawake walirudi mwezi baada ya mwezi, wakapimwa, wakatibiwa na kuhojiwa, na kwa subira yao dunia ikapata elimu ambayo hadi leo tunaitumia.

Kinachotuhusu ni mahali watafiti wale walipotazama. Ute wa uke hupakwa kwenye kioo chembamba, ukatiwa rangi za Gram na kuwekwa chini ya hadubini. Laktobasili huonekana kama vijiti vinene vya zambarau, vimetawanyika kati ya seli pana za ngozi. Wakipungua, vijiti hivyo huadimika, na mahali pake hujaa vidudu vidogo, vingi vya rangi nyekundu, vimeng'ang'ania seli hata kingo zake hazionekani vizuri. Mpimaji huhesabu na kutoa alama kutoka 0 hadi 10, kwa utaratibu wa Nugent uliochapishwa mwaka 1991: 0 hadi 3 ni hali ya afya, 7 hadi 10 ni mvurugiko uitwao vajinosisi ya bakteria. Mwanafunzi anayetaka kuingia katika elimu hii na aanze kwa kutazama vioo viwili vya namna hiyo, kimoja kando ya kingine. Ataelewa kwa dakika moja yale ambayo kurasa nyingi hueleza kwa taabu.

Mwaka 1999 kundi la Mombasa lilichapisha kwamba wanawake ambao laktobasili hawakuota katika sampuli zao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa HIV na kisonono. Mwaka mmoja kabla, kule Seattle, wenzao wa chuo kile kile walikuwa wameonyesha jambo linalofanana nalo kuhusu mkojo: kwa wanawake wenye UTI za kujirudia, waliokosa laktobasili wa aina fulani ndio waliokutwa zaidi na E. coli ukeni. Ukizisoma kazi hizo mbili pamoja unaiona elimu moja. Bakteria wema wa uke hulinda njia ya uzazi na njia ya mkojo kwa wakati mmoja.

Ganjoni ilitufunza pia kuhusu maji na sabuni. Makala ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Scott McClelland na kujumlisha miaka 10 ya ufuatiliaji, ilionyesha kwamba wanawake waliojiosha ndani ya uke walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata HIV kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine walizidi waliotumia maji matupu. Hapa pwani jambo hili linahitaji kuelezwa kwa adabu na kwa usahihi, kwa kuwa usafi kwetu ni sehemu ya dini na malezi. Kustanji kwa maji, kwa nje, kutoka mbele kwenda nyuma, ni usafi mwema na hakuna anayeukataza. Linalodhuru ni kuingiza vidole na sabuni ndani, mahali ambapo mwili umejiwekea usafi wake. Mama anayemfunza binti yake tofauti hii amempa kinga ya maisha.

Somo la tatu la Ganjoni ni la tahadhari. Mwaka 1998 watafiti wale waliripoti kwamba wanawake waliotumia sindano ya Depo ya kupanga uzazi walikuwa na hatari kama mara 2 ya kuambukizwa HIV. Sindano hiyo hushusha estrojeni mwilini, kwa hiyo wazo lilikuwa na mantiki, na liliwasumbua wataalamu kwa miaka 20. Ndipo ukaja utafiti wa ECHO, uliotolewa mwaka 2019, ambapo wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini waligawiwa kwa bahati nasibu sindano, kijiti au koili. Haukupata tofauti kubwa ya maambukizi ya HIV kati ya njia hizo tatu. Funzo lake kwetu ni kwamba maelezo ya homoni yanaweza kupendeza akilini na bado yakahitaji mizani ya utafiti uliopangwa vizuri. Mwanamke asiache njia ya uzazi wa mpango inayomfaa kwa sababu ya uvumi, uwe wa HIV au wa UTI. Akiwa na wasiwasi, azungumze kwanza na mhudumu wake.

Homoni katika hatua za maisha

Estrojeni hupanda na kushuka katika maisha ya mwanamke, na kila badiliko lina athari yake kwenye mkojo.

Katika ujauzito homoni huwa nyingi, lakini hatari huja kwa njia nyingine. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mfuko wa uzazi unapokua huibana mirija hiyo, hasa ule wa kulia. Mkojo hutuama, na mkojo uliotuama huwapa bakteria nafasi ya kuzaana. Kati ya wajawazito 100, kuanzia 2 hadi 10 huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuhisi chochote. Wasipotibiwa, baadhi yao hupata maambukizi ya figo, na hayo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo kipimo cha mkojo kwenye kliniki ya wajawazito si cha kurukwa, hata kama mama anajisikia mzima.

Baada ya kujifungua, anayenyonyesha huwa na homoni ya prolaktini kwa wingi, nayo huishusha estrojeni kwa miezi. Wengi huhisi ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa, na huona haya kusema. Waambiwe kwamba hali hiyo inajulikana na ina msaada.

Hatua inayohitaji kutazamwa kwa kituo ni ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huja karibu na umri wa miaka 50. Ovari zikipunguza kazi, ngozi ya uke hukonda, glaikojeni huisha, laktobasili hutoweka na pH hupanda kupita 5. Joto la ghafla na jasho la usiku, ambayo kila mtu huyazungumzia, kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu, kuwashwa na kubanwa na mkojo ghafla havipungui vyenyewe, na mara nyingi huzidi. Mama wa miaka 58 humwambia muuguzi, "Mwanangu, huu mkojo wanitesa tangu mwaka jana, na dawa nimemeza za kila namna." Muuguzi akimjibu, "Pole mama, tupime tena," amefanya vyema. Akiongeza, "Na hedhi ilikoma lini, mama? Ukavu je, wausikia?" ameligusa lile ambalo vidonge vyote vile havikuligusa.

Ushahidi kwamba upungufu wa estrojeni unahusika ulitoka mwaka ule ule wa 1993 kazi ya Ganjoni ilipoanza. Raul Raz wa Israeli na Walter Stamm wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachukua wanawake 93 waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa wakirudiwa na UTI. Baadhi walipewa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki kwa miezi 8. Wengine walipewa krimu isiyo na dawa. Waliopaka estrojeni walipata wastani wa maambukizi 0.5 kwa mwaka, na wenzao 5.9. Kabla ya matibabu hakuna hata mmoja aliyekuwa na laktobasili. Baada ya mwezi 1 tu bakteria hao walikuwa wamerudi kwa 22 kati ya 36 waliochunguzwa katika kundi la estrojeni, na pH ilikuwa imeshuka kutoka 5.5 hadi 3.8. Kwenye kundi la pili hawakurudi kwa yeyote.

Zingatia kwamba estrojeni ile ilipakwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba vidonge vya estrojeni vya kumeza havikupunguza UTI, ilhali estrojeni ya ukeni ilipunguza. Kiasi kinachopakwa ni kidogo, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo zaidi. Hata hivyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma, achunguzwe kwanza. Inataka pia subira ya wiki kadhaa, kwa sababu ngozi huchukua muda kunenepa tena.

Mahali pa antibiotiki

Antibiotiki huokoa, na mwenye maumivu ya UTI iliyothibitishwa anastahili kutibiwa. Tatizo ni kuzimeza kwa mazoea. Mradi wa HATUA, uliokusanya sampuli za mkojo nchini Kenya, Tanzania na Uganda kati ya 2018 na 2020, uliona kwamba wengi waliokuwa na dalili hawakuthibitika maabara kuwa na UTI. Kati ya E. coli waliooteshwa, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Tena antibiotiki nyingi haziwachagui E. coli peke yao, huwaua na laktobasili pia. Mama aliyekwisha kupungukiwa na kinga kwa sababu ya homoni hupungukiwa tena kwa sababu ya dawa, na maambukizi yajayo humkuta dhaifu zaidi. Basi anayerudiwa aoteshewe mkojo maabara kabla ya kupewa dawa, dawa ichaguliwe kwa matokeo, na imalizwe kama ilivyoandikwa.

Lipo pia kosa la kutibu karatasi ya maabara. Wanawake wengi wazee huwa na bakteria kwenye mkojo bila maumivu wala dalili. Kwao, tofauti na wajawazito, hali hiyo kwa kawaida haihitaji antibiotiki.

Wala homoni si maelezo ya kila kitu, na atakayeigeuza elimu hii kuwa jibu la kila swali atawadhuru wagonjwa. Kisukari, mawe ya figo, kushuka kwa kizazi na kibofu kisichomwaga mkojo wote huleta maambukizi ya kurudia. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba E. coli huweza kujificha ndani ya seli za kibofu na kuibuka baadaye. Katika sehemu za pwani yetu, kama Msambweni, kichocho huleta damu kwenye mkojo na huweza kuumiza viungo vya uzazi vya mwanamke, kisha kikatibiwa bila manufaa kama UTI. Na yeyote mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni afike hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda figo zimeshaguswa.

Yapo pia yasiyohitaji daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusu wanawake 140 ambao hedhi zao hazijakoma, wenye UTI za kurudia na wanaokunywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Walioongeza lita 1.5 za maji kila siku walipata wastani wa maambukizi 1.7 kwa mwaka, na wasioongeza 3.2. Katika joto la Mombasa, ambako mitaa mingi hutegemea maji ya visima yenye chumvi na mitungi ya mkokoteni, ushauri huu una gharama yake, na anayeutoa ajue hivyo. Anayefunga Ramadhani aweza kugawa maji yake kati ya futari na daku. Na wenye maduka, ofisi na stendi wafahamu kwamba mwanamke anayejizuia kwenda haja siku nzima, kwa kukosa choo safi, anaumizwa na ukosefu huo.

Utakavyoingia katika elimu hii

Ukiendelea kusoma utakutana na wanabakteriolojia, wanajinakolojia, wataalamu wa figo na wafamasia, kila mmoja na lugha yake. Usiogope wingi wao. Wafuate wote kwa swali moja: katika hatua hii ya maisha, estrojeni inafanya nini ukeni na kwenye kibofu, na nini kinafuata inapopungua? Swali hilo litakuunganishia vioo vya hadubini vya Ganjoni, krimu ya mwaka 1993 na mkojo unaooteshwa leo Makadara.

Mwanafunzi mwenzangu, na wewe muuguzi uliye kwenye zamu, naomba mwanze na jambo dogo linalowezekana hata pasipo na maabara. Kila mwanamke anayerudi na UTI, ulizeni na mwandike kwenye kadi yake: umri, hedhi ya mwisho, kama ana mimba au ananyonyesha, njia anayotumia kupanga uzazi, na kama anahisi ukavu. Maswali hayo hayagharimu hata shilingi. Tukiyauliza kwa heshima, wengi tuliokuwa tukiwarudishia vidonge vile vile tutaweza kuwapa matibabu yanayolingana na miili yao, na takwimu za wanawake wa pwani waliokoma hedhi zitakusanywa na sisi wenyewe, kwa kalamu zetu, katika kliniki zetu.